Mfuko Unaozunguka: Namna Habitat for Humanity Ilivyojenga Nyumba Bila Riba

Utaratibu wa kujengea familia maskini nyumba kwa mkopo usio na riba, unaofahamika leo kupitia shirika la Habitat for Humanity, ulianza mwaka 1968 katika shamba la Koinonia, karibu na mji wa Americus, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Shamba hilo lilianzishwa mwaka 1942 na Clarence Jordan, mhubiri aliyesomea kilimo na Kigiriki cha Agano Jipya, pamoja na mkewe Florence na wenzao wachache. Weusi na weupe walilima pamoja na kula meza moja, na kwa ajili hiyo katika miaka ya 1950 walisusiwa na wafanyabiashara wa wilaya nzima na kushambuliwa kwa risasi. Mwaka 1965 walifika hapo Millard Fuller na mkewe Linda. Fuller alikuwa mwanasheria na mfanyabiashara wa Alabama, milionea kabla ya kutimiza miaka 30, ambaye kisha aliamua kugawa mali yake.

Majirani wa shamba walikuwa familia za wakulima weusi waliokaa katika vibanda vya mbao visivyo na maji wala choo cha ndani. Hakuna benki iliyowakopesha. Jordan na Fuller walipima viwanja 42 vya nusu ekari, wakatenga ekari 4 ziwe uwanja wa wote, wakaanzisha mfuko ulioitwa Fund for Humanity. Jordan alifariki Oktoba 1969, nyumba ya kwanza ikiwa karibu kukamilika. Hoja yake ndiyo iliyobaki kuwa mhimili wa kazi yote iliyofuata: maskini mwenye nguvu za kufanya kazi amekosa mtaji, hivyo apewe mtaji, na aurudishe ili umfikie mwingine.

Mfuko ulijazwa kwa njia tatu: michango ya wahisani, mikopo isiyo na riba kutoka kwa watu wenye akiba, na marejesho ya familia zilizokwisha kuhamia. Nyumba iliuzwa kwa gharama halisi ya ujenzi, bila faida, na deni likalipwa kwa miaka mingi, mara nyingi 20. Uzito wa sharti la kutotoza riba huonekana kwa hesabu. Mkopo wa dola 60,000 ukilipwa kwa miaka 20 bila riba, rejesho ni dola 250 kwa mwezi. Mkopo huohuo ukitozwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, rejesho hupanda hadi dola 579 hivi, na mwisho wa miaka 20 mkopaji atakuwa amelipa karibu dola 139,000. Saruji ni ileile na mabati ni yaleyale. Kinachomzuia mfanyakazi wa kipato cha chini kumiliki nyumba, basi, ni bei ya fedha kuliko bei ya tofali, na hapo ndipo Koinonia ilipogusa.

Hesabu hiyohiyo inafichua udhaifu ambao wafadhili wengi huupita. Nyumba 20 zilizokopeshwa kwa miaka 20 hurudisha thamani ya nyumba moja tu kwa mwaka. Muda ukipunguzwa kuwa miaka 10, nyumba 10 zinatosha kuzaa moja kila mwaka, lakini rejesho la kila mwezi huwa mara mbili, na familia zilizo chini kabisa hubaki nje. Kwa hiyo mfuko unaozunguka haujitoshelezi katika miaka yake ya mwanzo. Hutegemea michango mipya, na marejesho huanza kuwa na uzito baada ya mamia ya nyumba kusimama. Mchango unaotolewa kwa mfuko wa aina hii hauishii katika nyumba moja, ila hurudi polepole, kwa kipimo cha muongo.

Mwaka 1973 Fuller na familia yake walihamia Mbandaka, mji ulio kwenye ikweta kando ya Mto Kongo, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Lengo lilikuwa kujua kama utaratibu wa Georgia ungefanya kazi mahali pasipo na barabara ya uhakika, benki wala duka la vifaa. Kanisa la Kristo la Zaire lilishirikiana nao. Eneo la ujenzi lilikuwa uwanda ambao wakoloni waliuacha wazi katikati ya mji kutenganisha makazi ya Waafrika na ya Wazungu. Zilipangwa zaidi ya nyumba 100, za matofali ya mchanga na saruji yaliyofyatuliwa palepale. Mchanga ulikuwepo. Saruji ndiyo iliyosumbua, kwa kuwa ililazimika kupandishwa mtoni kwa matishari, na mzigo ukichelewa mafundi walikaa bila kazi. Anayejenga mbali na kiwanda hutambua mapema kwamba ratiba yake imefungwa na mifuko ya saruji iliyoko stoo kuliko idadi ya watu waliojitokeza asubuhi. Fuller aliandika habari za mradi huo katika kitabu Bokotola, kilichotoka mwaka 1977.

Baada ya miaka mitatu familia ilirudi Georgia, na mwaka 1976 Habitat for Humanity ikaundwa rasmi mjini Americus. Kwa maana hiyo shirika lilizaliwa likiwa tayari limejaribiwa Afrika. Matawi ya Afrika Mashariki yalifuata, la Kenya likianza mwaka 1982.

Kilichojitokeza Afrika kwa ukali kuliko Marekani ni mfumuko wa bei. Bei zikipanda kwa asilimia 20 kwa mwaka, deni lisilo na riba hupoteza nusu ya thamani yake katika muda usiofika miaka minne. Familia inalipa kwa uaminifu, daftari halina doa, na bado mfuko unakauka, kwa sababu marejesho ya mwaka wa tano hayanunui hata msingi wa nyumba inayofuata. Baadhi ya programu za Afrika zilitatua jambo hili kwa kufunganisha deni na bei ya saruji. Familia iliyopokea vifaa vyenye thamani ya mifuko 120 hudaiwa mifuko 120, na kila mwezi hulipa fedha taslimu sawa na bei ya mfuko mmoja kwa siku hiyo, hadi hesabu iishe. Uzuri wa njia hii ni kwamba mkopaji asiyezoea mambo ya benki anaielewa mara moja, na haimtozi faida yoyote, kwa kuwa alichopewa ndicho anachorudisha. Ubaya wake ni kwamba mshahara wa mtu haupandi siku moja na saruji. Bei ikiruka ghafla, malimbikizo huanza, na msimamizi asiye karibu na wakopaji hugundua akiwa amechelewa.

Nguzo ya pili ya utaratibu huu, baada ya mfuko, ni jasho la familia yenyewe. Kabla ya kukabidhiwa ufunguo, kila familia hutakiwa kufanya kazi ya mikono, Marekani kwa kawaida mamia ya saa, kwenye nyumba yake na za wenzake. Afrika Mashariki wazo hili halikuhitaji maelezo marefu; watu waliokulia katika msaragambo na harambee walilijua tayari. Familia huchimba msingi, hubeba mawe na maji, husomba mchanga, humwagilia matofali. Jasho hupunguza gharama kiasi, ingawa akiba hiyo mara nyingi hutiwa chumvi katika matangazo ya kuomba michango. Fundi mwashi mmoja mzuri na saidia fundi wake hupandisha ukuta ulionyooka haraka kuliko watu 20 wa kujitolea wasiowahi kushika mwiko, na ukuta uliopinda hula plasta zaidi. Faida kubwa ya jasho iko kwingine: mtu aliyeona nondo zikifungwa na zege likimwagwa huijua nyumba yake, hujua wapi pa kuzibua na wapi pasiguswe. Kazi ya umeme na mabomba hubaki mikononi mwa mafundi wenye sifa, na shirika linalowaachia wageni wa wiki moja kazi hizo linahatarisha maisha ya wakaaji.

Kukarabati ni kazi ya aina nyingine. Mfano uliojulikana sana ni wa Septemba 1984, pale Jimmy Carter, rais mstaafu wa Marekani na mkazi wa Plains, jirani na Americus, alipokwenda New York pamoja na mkewe Rosalynn na kundi la watu wa kujitolea kushughulikia jengo la ghorofa sita katika mtaa wa Lower East Side. Jengo lilikuwa limetelekezwa, limebaki gofu lililojaa kifusi. Lilikusudiwa familia 19. Wiki moja ya Carter ilileta magazeti na michango, na kutoka hapo ukaanza utaratibu wa kila mwaka ulioendelea kwa zaidi ya miaka 30. Jengo lenyewe, hata hivyo, lilihitaji muda mrefu zaidi baada ya kamera kuondoka.

Sababu ni za kiufundi. Nyumba mpya huanza na kiwanja kinachoonekana chote, na gharama yake hukisiwa kwa karibu. Gofu huficha madhara yake. Ni lazima kwanza kuondoa kifusi, kisha kukagua kuta zinazobeba mzigo, kupima boriti moja moja kujua ipi imeoza au kuungua, kuziba paa ili mvua isiendelee kuharibu, na hapo tu ndipo sakafu mpya, mabomba na nyaya huingia. Kila ukuta unaobomolewa unaweza kubadili bajeti, na kwa hiyo mkarabati makini hutenga fungu la dharura kubwa kuliko mjenzi wa nyumba mpya. Kuna faida pia: msingi na kuta vipo, maji taka na barabara vipo, na familia hubaki mjini karibu na kazi na shule. Katika miji ambayo kiwanja kinazidi bei ya nyumba, hakuna njia ya bei nafuu kuliko hiyo.

Ukarabati mdogo nao umepewa njia zake. Mwaka 1991 huko Winnipeg, Kanada, lilifunguliwa duka la kwanza la ReStore, linalouza milango, masinki, vigae na makabati yaliyotolewa na wenye majengo, faida ikaenda kwenye ujenzi. Fuller mwenyewe, baada ya kuondolewa Habitat mwaka 2005, alianzisha Fuller Center for Housing. Huko mwenye nyumba anayetengenezewa paa au choo hukubali kurejesha gharama bila riba na bila rehani, kwa ahadi tu. Kwa kazi ndogo uamuzi huo una mantiki: kuandikisha rehani ya deni dogo hugharimu fedha ambazo zingenunua mabati.

Nyumba iliyouzwa kwa gharama halisi huvutia walanguzi, na hapa Habitat ya Marekani ilibuni kinga inayostahili kuigwa. Tofauti kati ya bei ya soko na bei aliyouziwa mkopaji huandikwa kama rehani ya pili, isiyolipwa kila mwezi. Familia ikikaa miaka iliyokubaliwa, deni hilo hufutwa kidogo kidogo. Ikiuza mapema, tofauti hurudi kwenye mfuko. Shirika hubaki pia na haki ya kuwa mnunuzi wa kwanza. Kuhusu chanzo cha mtaji, fedha za serikali zilikataliwa kwa muda mrefu kwenye ujenzi wa nyumba zenyewe, lakini zilipokelewa kununua ardhi na kuweka barabara, maji na umeme.

Swali gumu zaidi ni la familia zisizo na makao kabisa. Habitat huchagua kwa vigezo vitatu: uhitaji, uwezo wa kurejesha, na utayari wa kushirikiana. Familia inayolala katika makazi ya muda mara nyingi hutimiza cha kwanza na cha tatu, ikakwama kwenye cha pili. Kuikopesha hata hivyo ni kuiongezea deni litakaloifukuza tena. Kwa hiyo mfuko unaozunguka, pamoja na ubora wake, unamfaa maskini mwenye kipato, na anayeuuza kama jibu kwa kila asiye na makao anawapotosha wafadhili. Kwa familia hizi panahitajika ruzuku, na ruzuku lazima iwe na mfuko wake na daftari lake, kwa sababu wakopaji wakiona jirani akisamehewa bila maelezo, marejesho yote huanguka.

Kenya ilikutana na hali hiyo baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Habitat ilijenga Maai Mahiu, katika Bonde la Ufa, kwa ajili ya familia zilizokuwa zimeishi kambini kwenye mahema. Ujenzi wa namna hii nchini Kenya umetumia sana matofali ya udongo yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono na kuchanganywa na saruji kidogo, takriban sehemu moja kwa kumi au pungufu. Hayachomwi, hivyo kuni hazikatwi. Yanaumana yenyewe, hivyo udongo wa kujengea baina yake ni haba. Yanachotaka ni udongo uliopimwa, usio na mfinyanzi mwingi unaopasuka ukikauka, na kufunikwa na kumwagiliwa kwa siku kadhaa kabla ya kujengewa.

Nchini Uganda na katika nchi nyingine za Afrika ambako ukimwi uliacha yatima na bibi walezi, nyumba hutolewa bure, na kazi haiishii kwenye paa. Mlezi akifariki, ndugu wanaweza kuwatoa watoto ndani ya nyumba waliyojengewa. Kwa hiyo pamoja na choo na tangi la maji ya mvua, mradi hugharimia mafunzo ya haki za mirathi na uandishi wa wosia, unaotaja watoto kuwa warithi wa nyumba.