Wakala wa Nani? Neno juu ya Kanuni ya Vestri katika Kanisa la Episkopali la Marekani

Wasomaji wengi mwaijua halmashauri ya kanisa: mwandishi na daftari lake, mtunza fedha na mfuko wa sadaka, wazee wamekaa kwenye viti vya shule, na kasisi katikati yao. Katika Kanisa la Episkopali la Marekani, ambalo ni ndugu wa Kanisa la Anglikana la huku kwetu, halmashauri hiyo huitwa vestri. Jina hili lilitoka Uingereza, na maana yake ya kwanza si watu bali ni chumba, yaani kile chumba cha kando ambamo kasisi huvaa kanzu zake. Wenyeji wa mtaa walizoea kukutana humo kuzungumza mambo yao, hata jina la chumba likawa jina la mkutano, kama sisi tusemavyo baraza, na neno hilo moja likawa ni mahali pa kukaa na tena ni watu wakaao hapo.

Nataka kuipima hapa kanuni iliyoandikwa juu ya halmashauri hiyo, kwa maana kila niisomapo naona ndani yake neno moja zuri sana na upungufu mmoja mkubwa. Ni kanuni ya 14 katika sehemu ya kwanza ya kanuni za Kanisa lile, nayo ni fupi kuliko barua ya posa. Ina mafungu matatu tu. Fungu la kwanza lasema kwamba idadi ya wajumbe, namna ya kuwachagua, muda wa kazi yao, na sifa za wapiga kura, yote yatafuata sheria ya nchi au ya dayosisi. Fungu la pili lasema kwamba vestri ni wakala na mwakilishi wa mtaa mbele ya sheria, katika mambo yote ya mali ya mtaa na katika mambo yaliyo kati ya mtaa na makasisi wake. Fungu la tatu lampa kasisi wa mtaa kiti cha mwenyekiti, ama yeye ama mjumbe atakayemteua. Basi, imekwisha.

Neno zuri ni hilo la wakala. Mtu akisafiri akamwachia nduguye shamba la minazi, yule ndugu aweza kuangua, kuuza, kuajiri wakwezi, hata kumshitaki mwizi. Lakini shamba si lake, na siku mwenyewe arudipo ataulizwa nazi ngapi zimeanguliwa na fedha ziko wapi. Mwandishi wa kanuni hakusema kwamba wazee ni wenye kanisa, wala hakusema kwamba ni watumishi wa kasisi. Alichagua neno la katikati, na alichagua vema. Walakini wakala asiye na mtu wa kumwuliza hana tofauti na mwenye mali, na hapo ndipo kanuni inyamazapo. Haisemi ni lini wale waliomweka watamwita aeleze alivyofanya, wala kwa njia gani.

Mtu atajibu kwamba hayo yameachiwa sheria za dayosisi, na ya kwamba desturi iliyoenea kule ni njema: kila mwaka washiriki hukutana, hupiga kura, na mara nyingi mjumbe hukaa miaka mitatu, theluthi moja ya wajumbe wakitoka kila mwaka ili wapya waingie. Ni kweli, nami siidharau desturi. Lakini Kanisa lile lina historia ndefu ya vestri, na historia hiyo yaonyesha jinsi desturi inavyogeuka pale ambapo sheria haikumlazimisha wakala kusimama mbele ya watu wake.

Tutazame Virginia, wakati ilipokuwa koloni ya Waingereza na Kanisa lao lilikuwa Kanisa la serikali. Mwaka 1662 sheria iliweka watu 12 katika kila vestri, na mmoja wao akifa au akihama, waliobaki ndio waliochagua wa kuijaza nafasi yake. Watu wa mtaa hawakuwa na neno tena. Mwaka 1676, katika maasi ya Nathaniel Bacon, wakubwa wa koloni waliamuru kwamba vestri ichaguliwe na watu kila miaka mitatu. Maasi yalipozimwa amri hiyo ikafutwa, na wale 12 wakarudi kuchaguana wao kwa wao, baba akimwachia mwana, mkwe akimvuta mkwe.

Nao hawakuwa na kazi ndogo. Walitoza kodi ya mtaa, nayo ililipwa kwa tumbaku. Mshahara wa kasisi ulikuwa ratli 16,000 za tumbaku kwa mwaka. Waliwatunza maskini, waliwaweka yatima kwa mabwana wa kuwafundisha kazi, tena walisimamia kukaguliwa kwa mipaka ya mashamba. Kodi ilihesabiwa kwa vichwa, na katika karne ya 18 mtumwa Mwafrika aliyetimia miaka 16, mume kwa mke, alihesabiwa kichwa, bwana wake akimlipia kwa tumbaku ambayo mtumwa mwenyewe aliipanda. Kwa hiyo jasho la Waafrika lilimlisha kasisi na kujenga makanisa ya matofali, na hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuuliza fedha zimekwenda wapi. Kuna na neno zito kuliko hilo. Sheria ya mwaka 1691 iliamuru kwamba mwanamke wa Kiingereza aliye huru akizaa nje ya ndoa na Mwafrika au chotara, awalipe wazee wa kanisa paundi 15 kabla ya mwezi kwisha. Asipoweza, wazee wa kanisa watamchukua na kuuza utumishi wake kwa miaka 5, na mtoto watamfunga katika utumishi mpaka atimize miaka 30. Theluthi moja ya fedha hizo ilikuwa ya mtaa. Msomaji na atafakari jinsi fedha kama hizo zilivyoandikwa katika daftari la kanisa, karibu na bei ya divai ya Meza ya Bwana.

Sisemi kwamba watu wale wote walikuwa wabaya kwa tabia. George Washington, aliyekuwa Rais wa kwanza wa Marekani, alikaa katika vestri ya mtaa wa Truro tangu mwaka 1762 hata 1784, naye alijulikana kwa kuweka hesabu zake kwa uangalifu. Tena alikuwa mwenye watumwa, kama wenzake. Ninalosema ni kwamba uangalifu wa hesabu ni jambo moja, na kumjua yule unayemfanyia hesabu ni jambo jingine.

Watu wale walikuwa na hila moja zaidi. Kasisi aliyepelekwa kwa Gavana akathibitishwa hakuweza kuondolewa kwa urahisi, kwa hiyo mitaa mingi haikumpeleka, bali ilimwajiri mwaka kwa mwaka. Mtu anayengoja mkate wa mwaka ujao huchunga ulimi wake mimbarani. Hapa kanuni za leo zimeponya kidonda, nami nazisifu bila kusita. Vestri ndiyo imchaguayo kasisi wa mtaa, lakini haiwezi kumwondoa yenyewe bila ridhaa yake. Ugomvi ukizidi hupelekwa kwa askofu. Na kasisi naye hawezi kujiuzulu bila vestri kukubali, isipokuwa umri wake umefika ule wa kustaafu. Ibada na mafundisho yako mikononi mwake. Hivyo wenye mfuko hawakupewa mimbari, wala mwenye mimbari hakupewa mfuko. Ni mizani nzuri, na wengi wa wale wanaolalamika kwamba walei wana nguvu mno katika Kanisa lile hawajausoma upande huu wa kanuni.

Sasa tutoke Virginia twende kaskazini, mjini Philadelphia, tukaone vestri ya namna nyingine. Absalom Jones alizaliwa mtumwa mwaka 1746, akapata uhuru wake mwaka 1784. Yeye na wenzake walijenga kanisa la Mtakatifu Thomas, kanisa la Waafrika, nalo likafunguliwa mwaka 1794. Kabla ya kujiunga na Kanisa la Episkopali walitaka ahadi: wapokewe kama jamaa iliyokwisha kujipanga, waongoze mambo yao wenyewe, na Jones aruhusiwe kuongoza ibada na baadaye apewe daraja kama akionekana anafaa. Waliyapata. Katika katiba yao waliandika kwamba hakuna atakayechagua wala kuchaguliwa katika kazi za kanisa lile ila Waafrika na wazao wao, isipokuwa kasisi tu. Tena kasisi huyo hatakuwa na kura katika uchaguzi wao.

Kwangu mimi maneno hayo yana akili kuliko mafungu yote matatu ya kanuni ya 14. Watu waliokuwa wamenunuliwa na kuuzwa walijua vizuri maana ya mali na mwenye mali. Hawakuacha shaka juu ya nani aliyemtuma wakala. Walakini malipo yao yalikuwa machungu: dayosisi ilipomsamehe Jones masharti ya Kiyunani na Kilatini ili apewe daraja, iliweka sharti jingine, kwamba kanisa lile lisipeleke kasisi wala wajumbe katika mkutano wa dayosisi. Mlango huo haukufunguliwa hata miaka ya 1860. Halmashauri yao ilikuwa halali kuajiri, kulipa na kujenga, lakini haikuwa halali kusema mbele ya wengine. (Wanawake nao walingoja zaidi: mmoja, Elizabeth Dyer, alikubaliwa katika Mkutano Mkuu wa mwaka 1946, waliokuja mwaka 1949 wakakataliwa, mpaka mwaka 1970 ndipo wanawake walipokaa humo kwa haki.)

Swali la wakala lilirudi kwa kishindo karibu na siku zetu, na wasomaji wa Kenya na Uganda watakumbuka, maana mwaka 2007 Kanisa la Anglikana la Kenya liliwaweka wakfu maaskofu wawili Wamarekani mjini Nairobi, na la Uganda likamweka mmoja Mbarara, wakawachunge watu waliokuwa wamejitenga na Kanisa la Episkopali. Sitaingia katika sababu za kujitenga kwao. Nataka kutazama mali tu. Katika Virginia hiyo hiyo, mtaa wa kale uitwao The Falls Church ulipiga kura mwezi wa Desemba mwaka 2006 kutoka, ukajiweka chini ya Kanisa la Nigeria, na vestri yake ikataka kubaki na majengo. Kesi ilikwenda miaka mingi, hata mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Virginia ikaamua kwamba mali ni ya Kanisa la Episkopali na dayosisi yake. Msingi mmoja wa madai ya dayosisi ulikuwa kanuni ya mwaka 1979, isemayo kwamba mali ya kila mtaa imewekwa amana kwa ajili ya Kanisa zima na dayosisi.

Basi mjumbe wa vestri afunguaye kanuni ya 14 husoma kwamba yeye ni wakala wa mtaa. Akifunua nyuma mpaka kanuni ya 7 husoma kwamba mali ya mtaa ni amana ya wengine. Maneno haya mawili hayapigani, kwa maana mwenye amana naye ana bwana wake. Lakini mtu wa kawaida, aliyechaguliwa kwa kuwa ni seremala mwaminifu au mama ajuaye kuhesabu, hataambiwa na kanuni yake mwenyewe kwamba ana mabwana wawili. Ataambiwa na wakili, baada ya ugomvi kuanza, na kwa ada kubwa.

Na tena ni hiyo kanuni ya 7 iliyo na agizo bora kuliko yote: hesabu za kila mtaa zikaguliwe kila mwaka, na taarifa ya ukaguzi imfikie askofu si baada ya tarehe 1 Septemba. Agizo hili hupanda juu; kushuka kwa wale waliotia senti zao katika sahani halikuagizwa. Sisi walimu twalijua jambo hili, kwani mara nyingi kalamu ya halmashauri huwekwa mikononi mwetu. Nimeona mtaa mmoja ambao hesabu zake zilifika kwa wakubwa zimepigwa mistari ya wino mwekundu, safi kabisa, na bibi mzee aliyekuwa akileta mayai ya sadaka kila Jumapili hakupata kusikia hata mara moja yaliuzwa kwa kiasi gani.

Kama ningeulizwa, ningeongeza fungu la nne, na lisingehitaji wino mwingi. Lingesema kwamba vestri ni wakala wa mtaa na mwenye amana wa Kanisa zima, ili mjumbe ajue mabwana zake siku ile ile aapishwapo. Kisha lingeagiza kwamba hesabu zilizokaguliwa zisomwe kwa sauti mbele ya washiriki wote, kwa lugha waisikiayo, kabla ya kura kupigwa, na mtu yeyote mwenye haki ya kura awe na haki ya kuuliza. Na siku taarifa ipelekwapo kwa askofu, nakala ya pili ibandikwe mlangoni pa kanisa, chini kidogo, mahali ambapo macho ya wazee na watoto wa shule hufika.