Kalamu ya Msanifu Majengo Katika Magofu ya Kilwa

Kitabu cha Peter Garlake kuhusu usanifu wa awali wa Kiislamu katika pwani ya Afrika Mashariki kilitoka mwaka 1966. Garlake alisomea usanifu majengo kabla ya kugeukia akiolojia, na michoro yake inaonyesha hivyo: magofu yamepimwa kwa futi na kamba, hayakuchorwa kwa kupendeza macho tu.

Njia hiyo ilikuwa imekomaa Uingereza. John Britton alianza kutoa vitabu vyake vya picha za makanisa makuu ya zama za kati mwaka 1814. Mwaka 1845 Robert Willis alilieleza kanisa la Canterbury kwa kulinganisha mawe yake na maandishi ya watawa.

Kwenye pwani ya Afrika Mashariki, ramani ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani yaonyesha ukumbi mdogo wa kaskazini, uliokuwa na paa bapa juu ya nguzo tisa, na upande wa kusini ulio mkubwa zaidi. Lakini ramani peke yake haisemi paa lilisimamaje. Hapo ndipo mchoro wa mkato, unaopasua jengo kutoka juu hadi chini, unapokuwa na thamani kubwa kuliko picha yoyote ya kamera. Boriti za mikoko hazivuki nafasi pana, ndiyo maana vyumba vya kale vya pwani ni vyembamba. Upanuzi wa kusini, wa zama za Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, uliporomoka. Ulipojengwa upya katika karne ya 15 ulifunikwa kwa kuba na matao ya mawe na chokaa. Mkato huonyesha uzito wa kuba na matao hayo ukishuka kwenye nguzo za pembe nane.

Kazi ya subira zaidi iko kwenye mihrabu. Matumbawe laini hukatwa baharini yakiwa mabichi, huchongwa upesi, kisha hukauka na kuwa magumu. Kwa hiyo fundi aliweza kuchonga kingo zenye mikunjo midogo sana. Garlake alizichora kingo hizo kwa umbo la mkato, akazilinganisha msikiti kwa msikiti, akapata mfuatano wa umri hata pasipo maandishi ukutani.

Mfuatano huo una mpaka. Mtindo unaweza kudumu mji mmoja ukiwa umeachwa mwingine, na mchoro wa mawe huanzia pale mawe yalipoanza. Katika miaka ya 1980, uchimbaji wa Mark Horton huko Shanga, kisiwani Pate, ulifichua chini ya msikiti wa mawe mabaki ya misikiti ya miti, ya mwanzo kabisa ikiwa ya karne ya 8.