Picha za Migomo na Maneno Yaliyo Chini Yake

Mwaka 1947 wasanii wa Taller de Gráfica Popular, karakana ya uchapaji iliyoanzishwa katika jiji la Mexico mwaka 1937 na Leopoldo Méndez, Pablo O'Higgins na Luis Arenal, walitoa mkusanyo wa picha 85 juu ya mapinduzi ya nchi yao. Wengi wao walikuwa wafuasi wa ujamaa. Walichonga hasa katika linoleamu, ile malighafi ya kutandika sakafuni, ambayo ni rahisi kwa bei na laini kwa kisu. Palipoachwa na kisu hushika wino, palipochongwa hubaki peupe.

Katika mapambano yanayotajwa humo umo mgomo wa machimbo ya shaba ya Cananea, Juni 1906, na ule wa kiwanda cha nguo cha Río Blanco, Januari 1907, ambapo askari wa Porfirio Díaz waliwapiga wafanyakazi risasi. Ustadi wa mikono hiyo hauna ubishi. Walakini mwanalugha hana budi kuuliza ni lipi lisemwalo na picha, na ni lipi lisemwalo na maelezo yaliyopigwa chapa chini yake.

Mtu wa Utemini, mjini Singida, asiyejua Kispania, akionyeshwa picha ya mgomo wa namna hii hali maelezo yamefunikwa, atatambua upesi bunduki na wanyonge wanaoanguka. Hatatambua kuwa wachimbaji wa Cananea walidai peso tano kwa siku na saa nane za kazi, wala kuwa Wamarekani waliofanya kazi ileile walilipwa zaidi. Picha yamwonyesha mgomaji akifa. Hoja yake imo katika maneno tu. Hapo ndipo penye upungufu, maana mgomaji huyo alikuwa mtu wa hoja kabla hajawa maiti.

Jina Utemini lenyewe ni ushahidi wa nguvu ya neno: vyeo vya watemi vilifutwa mwaka 1963, lakini utemi, pamoja na kiambishi -ni cha mahali, ungali watamkwa kila siku.

Mwaka uleule wa 1947 waligoma wafanyakazi wa Mombasa, Januari, na makuli wa Dar es Salaam, Septemba. Atakayetaka kuichonga migomo hiyo yafaa ayaingize madai ya wagomaji ndani ya picha yenyewe, si chini yake. Kazi ngumu kidogo, kwani katika linoleamu herufi huchongwa kinyume.