Megawati na Mafiga

Ilani ya uchaguzi si karatasi ya kusomwa wakati wa kampeni na kufungia maandazi baadaye. Ni ahadi, na ahadi ni deni. Kwa hiyo, ndugu msomaji, tuipime Ilani ya CCM ya mwaka 2020 katika jambo moja tu, nalo ni nishati. Lengo lake lilikuwa nchi ifikie megawati 5,000 za umeme ifikapo mwaka 2025.

Tuanze na haki. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lililowekewa jiwe la msingi Julai 2019, lilikamilika mwaka 2025 likiwa na mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115. Uwezo wa gridi ya taifa ukapita megawati 4,000. Lengo halikufikiwa, lakini anayeibeza hatua hiyo amesahau mgawo wa umeme wa mwaka 2006, wa 2011 na hata wa 2023. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Hata hivyo, kujitegemea si kuhesabu mitambo. Bwawa hilo moja ni takriban nusu ya uwezo wote wa gridi. Mtera, Kidatu na Kihansi nayo yamo katika bonde lile lile la Rufiji. Ukame ukilipiga bonde hilo, yote huugua pamoja. Wakati huohuo, huku kwetu Rungwe tunakanyaga jotoardhi, kule Ngozi na Kiejo-Mbaka. Kampuni ya umma ya kuiendeleza iliundwa mwaka 2013, lakini hadi leo hakuna taa ya Tukuyu iliyowashwa na mvuke huo.

Kasoro ya pili ni nyaya. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa kununua umeme Ethiopia, kupitia Kenya, kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa sababu umeme wetu husafiri mbali na mwingi hupotea njiani. Kununua kwa jirani si aibu. Hata mkulima hodari huazima jembe. Lakini hapo tunaona ghala limejaa kabla barabara ya kulifikia haijawa tayari.

Kasoro ya tatu, nayo ndiyo kubwa kwangu, iko jikoni. Nguzo zimefika vijijini, na hilo ni jema. Lakini katika nyumba nyingi za wilaya hii waya umeishia sebuleni. Taa inawaka, redio inaimba, na maharage yanachemka juu ya mafiga matatu kwa kuni. Mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Vema. Lakini gesi ya mitungi tunayohimizwa kununua huagizwa kutoka nje, ilhali gesi ya Songosongo na Mnazi Bay ni yetu. Tukihama kutoka kuni za msitu wetu kwenda mtungi wa ng'ambo, tumepunguza moshi, na hilo ni kubwa kwa macho na mapafu ya mama zetu. Lakini tusiliite kujitegemea.

Hukumu yangu ni kwamba Ilani ile ilijenga mengi, ila kipimo chake kilikuwa kifupi. Chama chochote kitakachotuomba kura kwa jina la nishati kitueleze mambo matatu: mvua ikikosekana tutawasha nini, umeme utafikaje Arusha na Tukuyu bila kupotea, na mama wa kijijini atapikia nini, kwa bei gani.

Asiyejibu la tatu hajalijibu swali.