Mjane Mwenye Nyota ya Sherifu

Vitabu vya wauaji na wapelelezi husomwa upesi na kusahauliwa upesi. Twataka neno moja tu: nani aliyeua? Tukiisha kulijua, kitabu twakiweka. Lakini vile vya Bibi J. A. Jance wa Marekani, vinavyosimulia habari za sherifu Joanna Brady, tumevifunga na mioyo yetu ikabaki ndani.

Cha kwanza, Desert Heat, kilitoka mwaka 1993. Mahali ni Bisbee, mji mdogo wa Arizona karibu na mpaka wa Meksiko, nchi ya jangwa na miiba. Watu wa Katanga wangeutambua mara moja. Ni mji wa shaba, wenye shimo kubwa ajabu kando yake. Ila machimbo yake yalifungwa katika miaka ya 1970, na shimo limebaki tupu. Bibi Jance alikulia huko, wala hasimulii jangwa kama mpita njia.

Andy Brady, askari anayegombea usherifu, anapigwa risasi siku ya kutimiza miaka kumi ya ndoa. Wakubwa wanasema amejiua, tena kwamba alikula fedha za wauza dawa za kulevya. Mkewe Joanna, mfanyakazi wa ofisi ya bima, anakataa. Mume amekwisha kufa. Je, na jina lake life? Binti yao Jenny, mwenye miaka tisa, atakwenda shuleni akiwa mtoto wa nani?

Hapo anaingia Angie, mwanamke aliyeuza mwili wake, aliyekaa nyumba moja na yule aliyelipwa kumwua Andy. Anatoroka. Na Joanna, mjane wa siku chache, anampokea, halafu yeye na rafiki yake wanamsaidia kupata kazi na makao. Kwetu kurasa hizo zapita fumbo lote. Ni nani kati yetu angefungua mlango ule?

Kisha watu wanamchagua Joanna awe sherifu, mkuu wa polisi wa wilaya, maana kule cheo hicho hutolewa kwa kura. Mafunzo ya polisi anakwenda kuyatafuta baadaye, katika kitabu cha mwaka 1995. Si cheo chepesi, hasa katika mji huo. Tarehe 12 Julai 1917 sherifu wa kweli wa wilaya hiyo, Harry Wheeler, pamoja na watu wenye bunduki, aliwakamata wachimbaji zaidi ya elfu moja kwa sababu ya mgomo, wakapakiwa katika mabehewa ya ng'ombe na kutupwa jangwani New Mexico. Nyota ileile Joanna anaivaa anapokwenda kubisha hodi kwa watu kuwaambia kwamba mtoto wao hatarudi. Kazi hiyo haipendi, lakini anaifanya mwenyewe.

Makosa yapo. Katika kile cha kwanza mwuaji twaonyeshwa mapema mno, naye ni mwovu kutoka utosini hadi unyayoni, kama shetani wa mchezo wa watoto. Mtu wa namna hiyo hatufundishi kitu juu ya dhambi zetu. Tena kuna damu na matendo machafu yasiyofaa kusomwa na watoto.

Watu wazima wasomao Kiingereza waanze na kile cha 1993, wasiruke. Asiyemjua Andy hataelewa kwa nini Joanna hukawia kidogo kabla ya kubisha.