Mnara wa Siloamu na Hotuba ya Harvard

Tunaposikia kwamba Marekani inaanguka, wengi wetu hutega sikio. Wengine husikitika, na wengine, tuseme kweli, hufurahi kimoyomoyo. Mkristo ayapokeeje maneno ya namna hii? Tumeona vema kuipima hotuba moja ya zamani ambayo bado inasomwa: ile ya mwandishi Mrusi Aleksandr Solzhenitsyn katika Chuo Kikuu cha Harvard, tarehe 8 Juni 1978.

Hakuwa mtu wa maneno matupu. Alikaa miaka minane gerezani na katika kambi za kazi ngumu chini ya Stalin, akapewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1970, akafukuzwa nchini mwake mwaka 1974, hatimaye akapata makazi Vermont, Marekani. Mbele ya wenyeji wake alisema kwamba nchi za Magharibi zimepoteza ujasiri, hasa viongozi na wasomi wake. Kwamba mali imeongezeka na roho zimedhoofika. Kwamba watu hutosheka na kile ambacho sheria inaruhusu, wasiulize kama ni chema. Chanzo chake, alisema, ni mwanadamu kujiweka mahali pa Mungu.

Kuhusu sheria tunakubaliana naye. Sheria ya nchi huuzuia mkono wa mwizi, lakini haiwezi kuung'oa wizi moyoni. Asiye na kesi mahakamani hajawa mwenye haki mbele za Mungu.

Hata hivyo, tunampinga katika mambo mawili. Kwanza ni huo ujasiri. Yeye aliona kuondoka kwa Marekani Vietnam kuwa dalili ya udhaifu, akawalaumu waliopinga vita. Lakini Martin Luther King, mchungaji wa Kibaptisti, aliipinga vita hiyo hadharani tarehe 4 Aprili 1967 katika Kanisa la Riverside, New York, na magazeti makubwa yakamshambulia. Huo haukuwa woga. Tena, katika hotuba ile hatuwaoni Wamarekani weusi wa Montgomery ambao mwaka 1955 hadi 1956, kwa siku 381, waliyasusia mabasi ya ubaguzi, wengi wakienda kazini kwa miguu. Anayewatazama wakubwa peke yao aweza kulizika taifa ambalo Mungu bado anafanya kazi ndani yake, miongoni mwa wapishi na wafua nguo.

Pili, na hili ndilo zito zaidi, aliyapima mataifa kwa mizani: mateso yamewaimarisha watu wa Mashariki, raha imewalegeza wa Magharibi. Katika kitabu chake juu ya kambi za Gulag alikuwa amefundisha vizuri zaidi, kwamba uovu hauna taifa wala chama, bali umo katika moyo wa kila mtu. Solzhenitsyn wa kambini anamsahihisha Solzhenitsyn wa Harvard.

Katika Luka 13 Bwana wetu anawataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Hakusema kwamba dhambi yao ilizidi ya wengine. Aliwageukia waliokuwa wakimsikiliza, akawaita watubu. Ndiyo maana hoja ya kwanza kati ya zile 95 za Luther, mwaka 1517, ilihusu toba, nayo ni toba ya maisha yote ya mwamini, si toba ya jirani.

Walutheri wa Augustana kutoka Marekani walifika Iramba na Injili katika miaka ya 1920. Hatuwezi kulisikia anguko la ndugu hao kama habari njema. Sheria inayowashtaki wao inatushtaki na sisi: nasi tuna mali tunazoziabudu, na ukimya tunaouita busara. Msalaba ulisimamishwa kwa ajili yao na kwa ajili yetu. Basi tunapowaombea Jumapili, tusisimame nje ya mji kama Yona, tukingoja kuona utaangamia lini.