Goti, Meno na Mkono wa Pedeli

Barabara ya kutoka Sanawari kupanda Ilboru ndiyo mizani ya baiskeli za Arusha. Simama kando yake asubuhi uangalie. Mwenye baiskeli ya Phoenix aliyefunga gunia la pumba nyuma anakuja akikanyaga mpaka pale mlima unapoanza kukaza, kisha anashuka, mkono mmoja usukani, mwingine kwenye gunia, anasukuma. Hakuna anayemcheka. Anayemfuata, hata awe kijana wa misuli namna gani, naye anashukia karibu mahali palepale.

Kwa miaka mingi niliamini wanashuka kwa sababu baiskeli hizo zina mikono mifupi ya pedeli. Nasema mkono wa pedeli nikimaanisha kile kipande cha chuma kinachoanzia kwenye ekseli ya katikati na kuishia pale pedeli inapofungwa. Mafundi wengine wanakiita krenki. Imani yenyewe ni nyepesi kueleza: mtaimbo mrefu hung'oa jiwe ambalo mfupi haulitikisi, basi na mkono mrefu wa pedeli utapanda mlima ambao mfupi haupandi. Kwa hiyo nilipojenga baiskeli yangu ya safari kutokana na fremu ya mtumba, nikakuta imekuja na mikono ya milimita 175, nilijiona nimeokota dodo chini ya mnazi. Nina urefu wa sentimita 168. Goti la kushoto ndilo lililokuja kunisahihisha, kwenye ule mpando wa Oldonyo Sambu ukitokea Longido.

Tuanze na Phoenix, maana hesabu yake inafungua mambo. Chukua yenye meno 44 mbele na 18 nyuma, mkono wa milimita 165, na gurudumu ambalo nusu ya kipenyo chake, tairi likiwemo, ni milimita 355 hivi. Sheldon Brown, fundi na mwandishi wa Marekani aliyefariki mwaka 2008, alipendekeza tuache kutaja gia kwa meno peke yake, tujiulize swali moja: mguu ukisogea sentimita moja, baiskeli inasogea sentimita ngapi? Gawanya 355 kwa 165, zidisha kwa 44, gawanya kwa 18. Jibu ni kama 5.3. Unachokipata kwa mwendo unakilipa kwa nguvu: mguu unasukuma mara 5.3 ya uzito ambao mlima unakuvuta nao kurudi nyuma.

Sasa mpandishe mtu wa kilo 70, baiskeli ya kilo 20 na gunia la kilo 30 kwenye mwinamo wa asilimia 8 wenye udongo. Mlima na udongo kwa pamoja vinamvuta nyuma kwa nguvu inayolingana na kilo 11 na ushei. Zidisha kwa 5.3, unapata wastani wa kilo 60 kwenye pedeli, mzunguko mzima. Lakini mguu hausukumi kwa nguvu sawa mzunguko mzima. Pedeli ikiwa juu kabisa au chini kabisa haupati kitu, kwa hiyo ili wastani uwe 60, kilele lazima kipite 90. Mtu wa kilo 70 hawezi kukanyaga kwa kilo 90 bila kujivuta kwenye usukani kama anayeng'oa mhogo. Ndiyo maana anashuka. Mbadilishie mkono, mpe wa 175: ule wastani wa kilo 60 unakuwa 57. Bado atashuka, labda hatua tatu mbele ya pale alipozoea.

Kumbe kinachomshusha ni yale meno 44 kwa 18, na urefu wa mkono unabadili kidogo tu.

Baiskeli yangu ilikuwa na gurudumu la inchi 26 lenye tairi nene, nusu ya kipenyo milimita 335, na gia ndogo kabisa ya meno 26 mbele kwa 34 nyuma. Kwa mikono ya 175, hesabu ileile inatoa 1.46. Nikiifupisha hadi 160 bila kugusa kitu kingine inapanda hadi 1.60, yaani pedeli inakuwa nzito kwa asilimia 9. Hapo mwenye imani ya mtaimbo angesema, unaona? Lakini badili lile gurudumu la meno 26 uweke la 24, na namba inarudi 1.48. Meno mawili yamelipa deni la milimita 15, na kwenye gia ndogo mlimani mwili wangu haukuweza kubaini kilichobaki.

Ukishakubali kwamba nguvu ni kazi ya meno, mkono wa pedeli unabaki na kazi moja kubwa: kuamua goti na nyonga vikunjwe kiasi gani. Aliyewahi kupanda Mlima Meru kwa miguu atanielewa haraka. Kati ya kibanda cha Miriakamba na Saddle Hut kuna ngazi za magogo zisizoisha, na baadhi zimewekwa juu kupita hatua ya mtu wa kawaida. Mwenye miguu mirefu anazila. Mfupi ananyanyua goti mpaka karibu na kifua, anasukuma paja kutoka kwenye kona mbaya, na kabla ya saa mbili kuisha anatafuta ukingo wa njia ili akanyage pembeni. Mkono mrefu wa pedeli kwa mguu mfupi ni ngazi hizo, tofauti ni kwamba baiskeli haina pembeni. Kwa mizunguko 70 kwa dakika, saa sita za safari ni mizunguko zaidi ya elfu 25, na kila mmoja unapitisha goti kwenye kona ileile.

Viwandani hilo halijawasumbua sana. Baiskeli za mtumba zinazoshushwa Arusha nyingi zina mikono ya 170 au 175, na mara nyingi fremu ndogo ya mwanamke wa sentimita 155 hukutwa na mkono uleule wa fremu ya mwanamume wa sentimita 180. Ni rahisi kuhifadhi stoo saizi mbili kuliko sita. Watu wafupi wamekuwa wakiambiwa magoti yao ni dhaifu.

Utafiti ninaoutegemea zaidi ni wa James Martin na Waneen Spirduso, uliochapishwa mwaka 2001. Waliwapa waendesha baiskeli 16 mikono ya aina tano, kuanzia milimita 120, ambayo ni kama ya mtoto, mpaka 220, ambayo ni kichekesho, wakawataka wakanyage kwa nguvu zao zote. Tofauti kati ya urefu uliofanya vizuri zaidi na uliofanya vibaya zaidi ilikuwa kama asilimia 4 tu, na 145 na 170 ndizo zilizoongoza. Mwili unafidia: mkono ukifupika, miguu inazunguka haraka zaidi. Mizunguko 80 kwa mkono wa 170 na mizunguko 85 kwa mkono wa 160 inaupa unyayo kasi ileile kamili. Siku hizi hata kwenye mashindano makubwa upepo umegeuka. Tadej Pogačar aliyetwaa Tour de France ya 2024 alikuwa akitumia 165, na ana urefu wa sentimita 176.

Basi vipimo. Simama peku ukutani, bana kitabu kinenani kama umekikalia, pima kutoka mgongo wa kitabu hadi sakafuni. Wangu ni sentimita 78. Kuna kanuni ya zamani ya Kirby Palm inayosema zidisha kwa 0.216, nikapata milimita 168. Wengine hutumia moja ya tano, nikapata 156. Kanuni zinazopishana kwa milimita 12 zinakupa eneo la kutafutia tu. Nikaamua kujaribu kwanza kabla ya kununua.

Hapo ndipo ninapopenda Arusha. Nilimwendea fundi mmoja upande wa Krokoni, mwenye rundo la vyuma linalofika kiunoni, nikamwambia nataka mikono mifupi. Alinitazama miguu, akatazama baiskeli. "Kaka, hii ya kwako ni nzuri, mbona unataka kurudi utotoni?" Lakini alijua pa kuchimba. Baiskeli za watoto wakubwa, zile za gurudumu la inchi 24, mara nyingi zina mikono ya milimita 152 yenye tundu la mraba, na ekseli ya mraba inaipokea kama ya kwake. Namba huwa imegongwa nyuma ya mkono, karibu na tundu la pedeli. Ukisugua grisi unaiona. Tulipata jozi yenye meno 42, 34 na 24. Phoenix haina bahati hii, kwa sababu mikono yake inashikwa na kotapini inayogongwa kwa nyundo, na ya mraba haiingii. Fundi alijitolea pia kukata mikono ya zamani na kuiunganisha kwa kulehemu. Nilikataa. Mkono unaokatika ukiwa umesimama kwenye pedeli unakushusha juu ya bomba la fremu, na sehemu zinazofikia hapo hazina vipuri.

Kosa la wengi, nami nililifanya siku ya kwanza, ni kubadili mikono na kuacha siti palepale. Mkono ukifupika kwa milimita 15, pedeli ya chini inakuwa juu zaidi kwa milimita 15, hivyo siti inapanda kiasi hicho. Na kwa kuwa pedeli ya juu nayo imeshuka 15, goti linapata nafasi ya milimita 30, sentimita tatu nzima. Ndizo zilizokuwa zikiniumiza. Usukani ukiachwa chini mgongo unalalamika, kwa hiyo nao uliinuka kidogo.

Wiki mbili za 152 zilinifundisha kwamba ni fupi mno kwangu. Tambarare ya Kisongo kuelekea Makuyuni nilikuwa nazungusha kama cherehani, na kuanza safari kutoka kusimama, nikiwa na mizigo, kwenye tope la Ilkiding'a, kulihitaji nikumbuke kushusha gia kabla ya kusimama, jambo ambalo tope halikupi muda wa kukumbuka. Lakini goti lilinyamaza. Faida moja sikuitarajia: kwenye makorongo ambayo mvua inachimba miteremkoni, pedeli zilikoma kugonga kingo.

Mwisho nikatulia kwenye 160, niliyoletewa na ndugu aliyekuwa akirudi kutoka Uingereza, nikibakiza meno 24 mbele. Kwa mwinamo uleule wa asilimia 8, mimi, baiskeli na mizigo tukiwa kilo 110, hesabu inasema wastani wa kilo 15 kwenye pedeli, na kwa mizunguko 60 kwa dakika ninakwenda kilomita 5 na kidogo kwa saa. Mtembea kwa miguu mwenye haraka ananipita.

Mpando wa Oldonyo Sambu nimeurudia mara tatu tangu hapo. Mara ya tatu goti la kushoto liliuma tena kidogo, nikagundua siti ilikuwa imeshuka yenyewe kwa karibu sentimita moja. Skrubu ya kubania ilikuwa imechoka. Mikono ya 175 nilimwachia fundi. Ameifunga kwenye baiskeli ya mpwa wake, kijana wa Kimeru mrefu kuliko mlango wa karakana, na anasema inamtosha.